MREJESHO: Nyumba ya wazee tuliyotaka kumpeleka mama mkwe

Habari zenu wakuu. Mwezi uliopita niliuliza utajuaje kama nyumba ya kutunzia wazee hapa Uingereza inaendeshwa vizuri, kabla hatujawakabidhi mama mkwe. Ahsanteni sana, mmenisaidia mno.

Nilianza na ripoti ya CQC, wakaguzi wa huduma hizi kwa England. Kwa jumla nyumba ilipewa "Nzuri", lakini aliyeniambia nisome kipengele cha uongozi peke yake alinifumbua macho: hapo waliandikiwa "Inahitaji kuboreshwa". Kisha nikaenda bila miadi, saa ya chakula cha jioni, kama mlivyoshauri. Bibi mmoja supu yake ilishapoa mpaka ikaweka utando, kijiko kiko upande wa mkono uliopooza. Wahudumu wanampita tu. Nikamsogezea mimi, roho ikiniuma.

Nyumba ya pili kengele ziliitikiwa upesi, na meneja alinitajia moja kwa moja wanabaki wahudumu wangapi usiku. Mama yuko pale wiki ya tatu sasa, anakula vizuri.

Ambacho hakijakaa sawa: kumpaka mafuta na kumfunga kilemba bado wanasahau, ingawa vimeandikwa kwenye mpango wake wa matunzo. Na mjue, CQC hupokea taarifa lakini haiamui lalamiko la mtu mmoja mmoja. Unaanza na nyumba yenyewe, usiporidhika ndipo uende kwa Ombudsmani, yaani mwamuzi huru wa malalamiko, wa serikali za mitaa na ustawi wa jamii. Barua nimeshampa meneja, nasubiri jibu.