Tupeane uzoefu: hii "aina ndogo" ilikuingiza mkenge wapi?

Mleta mada (Kongwa): Wadau, juzi nimebishana na kijana wangu anayesoma mambo ya mimea. Nilimwambia Macia tunayopanda hapa ni subvarieti, yaani aina ndogo, ya mtama. Akacheka! Eti kwenye majina ya kisayansi ngazi zinashuka hivi: spishi, nususpishi, varieti, subvarieti, halafu fomu. Macia ni mbegu ya watafiti, ina utaratibu wake wa kuitwa. Mimi ninachojua ni fupi, nyeupe, na kwelea kwelea wanaisubiri kuliko mimi. Kwenye kazi zenu mnalitumiaje hilo neno?

Dalali wa mawe: Mimi limenila hela. Mwaka wangu wa kwanza nilichukua krisopresi ya Haneti, kipande cha kujaa kiganja, kijani kama tufaha bichi, pembeni kina ukoko wa kahawia. Mnunuzi akauliza ni nini, nikajibu kwa kujiamini, "kwatsi ya kijani." Basi akanipa bei ya kwatsi! Na wala hakunidanganya: krisopresi ni aina ya kalsedoni, na kalsedoni yenyewe ni aina ya kwatsi. Ila kijani kile kinaletwa na nikeli, na ndicho kinacholipiwa. Nilitaja jina la babu wakati nauza mjukuu. Siku hizi nalowesha jiwe, nalipiga tochi kwa nyuma, ndipo nafungua mdomo.

Mwalimu, Mpwapwa: Kwenye lugha tunasema lahaja, na ndani yake vilahaja. Kigogo kina Chinyambwa magharibi, Chinyaugogo katikati, Chitumba mashariki. Mimi ni wa mashariki, nimeoa Bahi, magharibi. Siku ya kwanza kusalimia ukweni kwa Kigogo changu, shemeji zangu walitoka nje kucheka.

Mwana UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma): Sisi wa hesabu hatuna mbegu wala jiwe. Varieti ni seti ya majibu ya milinganyo ya polinomia. Chukua uso wa mpira, x² + y² + z² = 1, ukate katikati kwa z = 0. Duara unalopata ni subvarieti ya ule uso. Nilimchorea mzee wangu chini kwa kijiti, shambani kwake kwenye zabibu. Akatazama weee, akauliza: "Na hiyo inazaa mara ngapi kwa mwaka?" Zake huvunwa mara mbili.

Mleta mada: Mzee wako aje Kongwa tuongee mbegu.