Sisteamini iwekwe hatua gani: kukomaza mayai au kukuza viinitete vya ng'ombe?

Kiinitete_Nrb:
Wakuu, habari za kazi. Ovari tunachukua machinjioni Nairobi, nyingi za Boran na chotara. Mayai yanakomazwa saa 24 kwenye midia (kimiminika cha kukuzia) ya TCM-199 yenye seramu ya ndama asilimia 10, yanarutubishwa maabara kwenye midia ya TALP yenye heparini (ya kuandaa mbegu), kisha yanakuzwa kwenye midia ya SOF hadi siku ya 7. Inkubeta ni ya kabonidioksaidi tu, haishushi oksijeni. Yanayogawanyika ni kama asilimia 75, lakini blastosisti (viinitete vilivyokomaa vya siku ya 7 hivi) hazizidi asilimia 12. Nataka kuweka sisteamini (antioksidanti, yaani kinga dhidi ya uharibifu wa oksijeni) maikromola 100 kwenye midia zote tatu. Ni sawa, au bora melatonini, antioksidanti nyingine?

MamaMaabara:
Usiweke kote, ndugu. Mahali pake hasa ni kwenye kukomaza. TCM-199 tayari ina sistini; sisteamini huigeuza kuwa sisteini, ambayo yai na seli za kumulasi (zinazolizunguka) huitumia kutengeneza glutathioni, antioksidanti ya seli yenyewe. Akiba hiyo ndiyo inayokibeba kiinitete mpaka jeni zake zianze kufanya kazi, kwenye seli 8 hadi 16. Kwa hiyo asilimia 75 isikutulize, maana migawanyiko ya mwanzo inaendeshwa na akiba ya yai. Siku ya 3 hesabu vilivyofika seli 8. Vikikwama hapo, shaka ya kwanza ni akiba hiyo na oksijeni.

Kipimo: yeyusha miligramu 11.4 za sisteamini hidrokloraidi ndani ya mililita 10 za maji ya maabara, upate milimola 10. Chuja kwa kichujio cha maikromita 0.22, kisha tia maikrolita 10 kwa kila mililita ya midia. Itengenezwe siku ileile. Inaoksidika upesi, na ikioksidika inazalisha haidrojeni peroksaidi, yaani sumu ileile unayoikimbia.

Kwenye kurutubisha, baki na penisilamini, haipotaurini na epinefrini, viambato vya kuchangamsha mbegu. Mbegu zinahitaji chembe huru (molekuli kali za oksijeni) kidogo ili ziweze kupenya yai. Ukizifuta zote, urutubishaji unashuka. Punguza uharibifu kwa kuondoa mbegu zilizokufa: pitisha shahawa iliyoyeyushwa kwenye tabaka za Percoll (kimiminika cha kutenganisha mbegu) za asilimia 45 na 90, kwa sababu mbegu mfu ndizo zinazomwaga peroksaidi.

SOF_na_TALP:
Naafiki hoja ya kukomaza, ila tatizo kubwa liko kwenye hewa. Oksijeni ya hewa ya kawaida ni asilimia 20 hivi, ilhali ndani ya mrija wa uzazi wa ng'ombe haifiki hata nusu yake. Antioksidanti yoyote kwenye SOF itakuwa inapambana na inkubeta yako usiku na mchana. Shusha oksijeni hadi asilimia 5 kwanza, ndipo uone kama bado unahitaji dawa.

Kiinitete_Nrb:
Inkubeta mpya haimo kwenye bajeti. Kuna njia nyingine?

SOF_na_TALP:
Ipo. Agiza mtungi wa gesi iliyokwisha kuchanganywa: oksijeni 5, kabonidioksaidi 6, iliyobaki naitrojeni. Weka sahani kwenye kisanduku kisichovuja pamoja na sahani ya maji, pitisha gesi kupitia chupa ya maji ili isikaushe, funga, kisha ingiza chote kwenye inkubeta yako ya nyuzi 38.5. Kila ukifungua, jaza upya.

Nimesema 6 makusudi. Nairobi iko juu, kanieneo ya hewa ni ndogo, hivyo asilimia 5 ya kabonidioksaidi inaacha pH ikipanda. Pima pH ya midia iliyolala usiku mzima, lenga 7.2 hadi 7.4.

Dkt_Mifugo_TZ:
Nyongeza mbili. Ya kwanza ni mwanga: TCM-199 ina riboflavini, na ikiachwa chini ya taa inatoa peroksaidi yenyewe. Funika chupa kwa karatasi ya alumini. Mafuta ya kufunikia matone nayo yakae gizani. Mafuta ya zamani yana peroksaidi zinazoua viinitete hata midia ikiwa safi.

Ya pili, melatonini. Dozi zinazotajwa zinatofautiana mno, kwa hiyo anza na nanomola 1 na 100 upande kwa upande. Inayeyushwa kwanza kwenye ethanoli, basi kundi la kulinganishia lipewe ethanoli kiasi kilekile, la sivyo hutajua kilichofanya kazi. Na usijaribu sisteamini, melatonini na gesi mpya kwa mkupuo: badilisha kimoja, gawa mayai ya siku moja ya machinjioni katika makundi, tumia shahawa ya dume mmoja, rudia angalau mara nne.