Serikali kuu dhaifu ya Marekani ya mwanzo: walikosea, au waliitaka wenyewe?

Wakuu, mdau mmoja amesema waasisi wa Marekani walichemsha. Walimfukuza Mwingereza, kisha wakaunda serikali isiyo na rais mtendaji, isiyo na mahakama za kitaifa, isiyoweza kumtoza mwananchi hata senti, mpaka walipozinduka mwaka 1787 wakaandika katiba mpya. Mimi napinga. Udhaifu ule waliutaka.

Kuna jambo wengi hulipita. Serikali yenye nguvu zaidi ilishapendekezwa. Julai 1776, siku chache tu baada ya kutangaza uhuru, iliwasilishwa rasimu iliyoandikwa na John Dickinson ya mkataba wa kuyaunganisha majimbo (Articles of Confederation), iliyoipa Kongresi, yaani baraza la wajumbe wa majimbo, uwezo wa kuamua mipaka ya majimbo upande wa magharibi, na kila jimbo libaki na sheria zake pale tu zisipogongana na mkataba. Rasimu hiyo ikakatwakatwa kwa zaidi ya mwaka. Thomas Burke, mjumbe wa North Carolina, alishikilia kwamba jimbo libaki na mamlaka yote isipokuwa yale liliyoyakabidhi kwa maandishi. Hoja yake ikapita, ikawa kifungu cha pili cha mkataba.

Kwa nini? Fikiria mkulima wa Massachusetts. Mwaka 1765 Bunge la London, ambalo yeye hakulipigia kura, linaweka kodi ya stempu kwenye gazeti, hati ya mahakama, hata karata za kuchezea. Mwaka 1774 linaifumua katiba ya koloni lake, na mikutano ya mji wake sasa inataka kibali cha gavana. Mwaka uliofuata damu inamwagika Lexington, wanajeshi wa Mwingereza wakipambana na mgambo wa koloni. Mtu huyo akisikia habari ya kodi inayoamuliwa mbali na kwao, anajua inaishia wapi.

Hilo ni nusu tu ya maelezo. Nusu ya pili inasemwa kidogo, nayo haipendezi: majimbo yenyewe hayakuaminiana. Rasimu ilitaka gharama za vita zigawanywe kwa idadi ya watu. Wenye watumwa wa Kusini wakakataa watumwa wao wahesabiwe, wakidai ni mali. Mwishowe kikawekwa kipimo cha thamani ya ardhi. Maryland nayo, isiyo na ardhi ya magharibi, iligoma kutia saini mpaka Virginia ilipokubali kuachia madai yake ya ardhi hiyo, ndiyo maana mkataba uliopitishwa Novemba 1777 ukaanza kazi Machi 1781.

Nakubali gharama ilikuwa kubwa, na walioilipa ni askari. Kongresi iliomba ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa kutoka nje. Ilihitaji ridhaa ya majimbo yote 13, Rhode Island peke yake ikakataa mwaka 1782, jambo likafa. Juni 1783 askari mia kadhaa wasiolipwa mishahara waliizingira Kongresi Philadelphia, kwenye jengo lilelile ulikotangazwa uhuru, singe zikiwa kwenye bunduki. Wajumbe wakaomba Pennsylvania iwaletee mgambo. Pennsylvania ikakataa. Wakahamia Princeton. Inauma kusoma kwamba waliopigania nchi ilibidi waende kudai haki yao hivyo.

Lakini uasi wa Daniel Shays wa 1786, ambao kila mpinzani wangu huutaja, hausemi anachodhani. Wale wakulima wa magharibi mwa Massachusetts, wengine wao askari wa zamani, walifunga mahakama kwa sababu ya madeni na kodi za jimbo lao wenyewe. Serikali ya karibu, yenye meno, ndiyo iliyowabana. Kilichoonyesha udhaifu wa Kongresi ni namna uasi ulivyozimwa: jeshi la jenerali Benjamin Lincoln lililipiwa na michango ya matajiri wa Boston, maana hazina ya pamoja ilikuwa tupu.

Kwa hiyo swali la kama mkataba ule ulikuwa mzuri nawaachia. Ninachobishia ni kwamba mwaka 1777 kulikuwa na mwingine ambao ungepita. Anayeamini rasimu ya Dickinson ingesainiwa kama ilivyokuwa, atutajie jimbo ambalo lingetangulia. Virginia asiitaje, isingekubali Kongresi iikatie mipaka.