Naomba ushauri: faili la nyumbani na tarehe za mambo ya uraia

Habari wakuu. Mfumo wa karatasi nyumbani uko hivi: faili moja la kutoboa lenye vigawanyo 5, yaani vitambulisho, nyumba, afya, kodi na bili, na uraia. Karatasi inayoingia hukaa kwenye trei karibu na mlango, kisha hupangwa mara moja kwa wiki. Trei iwe ndogo. Ikiwa kubwa hugeuka ghala. Vyeti halisi havitobolewi, vinakaa kwenye mfuko wa plastiki na nakala ndiyo inayotobolewa. Risiti za mashine hufifia kwa joto na mwanga, kwa hiyo hupigwa picha siku hiyohiyo.

Hapo hakuna shida. Kinachosumbua ni kigawanyo cha uraia: kadi ya mpiga kura, matangazo ya mikutano, nakala za barua kwa diwani. Karatasi zipo, tarehe ndizo zinapita. Uandikishaji mara nyingi hufungwa kabla ya siku ya kura, na aliyehama bila kuhamisha taarifa zake anaweza kukuta jina limebaki kituo cha zamani. Kalenda ya ukutani inaonwa na wote ila haimkumbushi mtu. Ya simu inamkumbusha mwenye simu tu.

Mnaziunganishaje hizo mbili? Na barua isiyojibiwa mnaifuatilia baada ya siku ngapi? Nafikiria kuandika tarehe ya kufuatilia kwenye kona ya nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, lakini ikishaingia kwenye faili nani ataiona? Wenye nyumba za watu wengi, naomba mtangulie.