Gumzo la Ukoo wa Mzee Bakari: Tukazamie Wasini au Maldivi?

IJUMAA USIKU

Salim: Shikamooni wote. Nimewawekea picha ya tangazo hapo juu. Maldivi, usiku saba, dola 700 kwa mtu, kiamsha kinywa ndani. Dola ikiwa shilingi 129, hiyo ni sh 90,300. Kwenye chama tunazo. Mimi na Tunu tunataka kujifunza kuzamia na mtungi wa hewa, Kaka Hamisi cheti anacho tayari. Twendeni Desemba.

Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Picha nzuri mashallah. Maji yanaonekana kama kioo.

Hamisi: Maji ya huko ni mazuri kweli, sitabisha. Nauli imo humo?

Salim: Haimo. Nauli niliyoona ni kama 92,000 kwenda na kurudi, unapitia Doha au Dubai.

Mwanakombo: Na kuzamia kwenyewe?

Salim: Hapo tangazo halijasema.

Zuhura: Nipeni hadi kesho. Nitawaandikia wahusika niulize bei zote, na nitapigia simu watu wa Wasini kule Pwani pia, tulinganishe. Kama mweka hazina sitaki tutume hata shilingi kabla sijaziona hesabu zikiwa zimekaa sambamba.

Shangazi Rukia: Uliza na vifaa. Kuna kisiwa tulichokwenda na akina mama wa kazini, tukaambiwa bei ya kuzamia, tukafurahi. Tulipotoka majini tukaletewa karatasi: jaketi, mapezi, suti, mafuta ya boti, kila kimoja na mstari wake. Karatasi ile ilifika karibu mara mbili ya bei tuliyoambiwa. Zuhura mama, waandike kila kitu kabla.

Zuhura: Nimekusikia Shangazi.

JUMAMOSI ASUBUHI

Zuhura: Asalaam aleikum familia. Majibu yamekuja. Naomba msome polepole maana ni refu.

Nimechukua mtu mmoja kama Hamisi, mwenye cheti, anayetaka mbizi sita, yaani kuzama mara sita. Nikajiuliza swali moja tu: kila mbizi inamgharimu kiasi gani, tukijumlisha nauli, kulala na kula? Kisiwa tunakiendea kwa ajili ya kuzamia, basi gharama yote igawanywe kwa muda tutakaokuwa chini ya maji.

Maldivi. Zile dola 700 ni kabla ya ada ya huduma asilimia 10 na kodi ya utalii, ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 17. Kodi inatozwa juu ya bei ikiwa imeshaongezwa huduma, kwa hiyo 700 inakuwa 901. Kisha kuna kodi ya mazingira. Ilipandishwa Januari 2025 na sasa kwenye hoteli kubwa ni dola 12 kwa mtu kwa kila usiku. Usiku saba ni dola 84. Tumefika 985, yaani sh 127,065, na hatujatoka uwanja wa ndege. Boti ya kwenda kisiwani na kurudi, dola 150. Chakula cha mchana na jioni, maana hoteli iko peke yake kisiwani na huwezi kutoka ukatafute kibanda, dola 45 kwa siku kodi ikiwa ndani. Mbizi ni dola 75 kila moja kabla ya huduma na kodi. Sita zinakuwa dola 579. Ongeza nauli ya Salim.

Jumla: sh 353,000 na ushee. Kila mbizi karibu sh 59,000. Vifaa bado.

Wasini, kisiwa chetu cha Pwani mbele ya Shimoni. Treni ya kawaida Nairobi hadi Mombasa 1,500 kwenda, 1,500 kurudi. Gari la kukodi la pamoja kutoka stesheni hadi Shimoni na kurudi, nimeweka 3,000 kwa kila mtu. Kulala usiku tano kwa 3,000, kula siku sita kwa 1,500. Mbizi sita kwa 6,500 kila moja, vifaa ndani, wameniandikia hivyo kwa maandishi. Jumla sh 69,000. Kila mbizi 11,500. Kiingilio cha hifadhi ya Kisite-Mpunguti ni kando, kinalipwa KWS, shirika la wanyamapori, kupitia eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, na raia analipa kidogo sana kuliko mgeni, kwa hiyo kila mtu abebe kitambulisho.

Hamisi: Zuhura, hizi hesabu zifanyiwe fremu.

Hamisi: Ila tuwatendee haki Maldivi. Kuna njia nafuu: unalala nyumba ya wageni kwenye kisiwa wanachoishi wenyeji badala ya hoteli. Kodi ya mazingira huko ni nusu, dola 6, na boti ni ya abiria wa kawaida. Hesabu inashuka sana. Lakini nauli haishuki, na nauli peke yake inashinda safari nzima ya Wasini.

Salim: Kwa hiyo tofauti ni mara tano. Sikuwa nimeona zile asilimia, zimeandikwa chini kabisa kwa herufi ndogo.

Zuhura: Ndivyo matangazo mengi yalivyo. Ukiona bei ina alama mbili za kujumlisha mbele yake, jua huduma na kodi zinakuja.

Mwanakombo: Mimi swali langu ni thamani, si bei tu. Cha rahisi kikiwa kibovu ni hasara. Chini ya maji Wasini kuna nini?

Mjomba Omari: Hapo niachieni mimi mtoto wa Shimoni. Kisite imelindwa tangu miaka ya 1970, uvuvi hakuna ndani. Utaona kasa, samaki mkunga akichungulia pangoni, chewa, taa yule samaki bapa, changu makundi kwa makundi, na pomboo mkiwa njiani kwenye boti. Mwamba wenyewe hauendi chini sana, na hiyo ndiyo faida kwa anayejifunza. Mwaka 1998 joto la El Niño liliua matumbawe mengi Bahari ya Hindi nzima, huku kwetu na huko Maldivi pia. Kwa hiyo jina la kisiwa halimhakikishii mtu matumbawe hai. Watu wa Wasini wenyewe wamekuwa wakipanda matumbawe na nyasi bahari, na pesa mnazoacha pale mnaziona zinakwenda wapi.

Shangazi Rukia: Na kaa wa Wasini, Omari, usiwasahau.

Mjomba Omari: Kaa wa kupikwa kwa nazi, dada yangu. Hao hawamo kwenye tangazo lolote.

Hamisi: Nakubaliana na Mjomba kuhusu kina. Cheti cha kwanza kinakuruhusu hadi mita 18. Ukitaka mita 30 unasoma tena. Na Maldivi sifa yake kubwa ni mikondo kwenye milango ya visiwa, ndiyo inayoleta papa na taa wakubwa. Mtu mwenye mbizi nne hafurahii mkondo ule, anashikilia mwamba tu mpaka hewa inaisha. Kuna na lile ghuba la Hanifaru huko huko Maldivi wanakokusanyika taa wakubwa kwa makumi. Watu wanalipa pesa nyingi wafike, kumbe mtungi hauruhusiwi kabisa, ni miwani na mrija tu.

Salim: Hiyo sikujua. Nilitaka Maldivi kwa sababu ya hao taa hasa.

Hamisi: Utawaona siku moja inshallah, ukiwa na uzoefu. Kwanza ujifunze nyumbani.

Zuhura: Kozi ya Salim na Tunu ni sh 58,000 kila mmoja: vitabu, vifaa, mazoezi ya maji ya kina kifupi, mbizi nne za baharini, na cheti. Siku tatu hadi nne. Nimewauliza mwalimu mmoja anachukua wanafunzi wangapi. Mmoja wa Diani aliniambia wanane kwa mwalimu, wa bei 49,000. Huyu wa 58,000 anachukua wanne. Mimi nimependelea wa wanne. Hizo 9,000 zinanunua jicho la mwalimu juu ya mtoto wetu.

Shangazi Rukia: Tunu ana miaka kumi na miwili. Anaruhusiwa?

Hamisi: Anaruhusiwa. Kuanzia miaka 10 wanapewa cheti cha vijana. Wa 10 na 11 hawavuki mita 12. Tunu wa 12 anakwenda hadi 18 lakini lazima awe na mtu mzima mwenye cheti. Huyo ni mimi.

Mwanakombo: Sasa nisikilizeni kama muuguzi. Kuna fomu ya afya. Jibu la ndiyo kwenye maswali fulani maana yake daktari atie sahihi kabla hujaingia majini. Pumu, moyo, kifafa, upasuaji wa karibuni, ujauzito. Fomu ijazwe hapa Nairobi, si asubuhi mko gatini na pesa zimeshalipwa. Na Tunu ana mafua ya mara kwa mara. Ukiwa umeziba pua huwezi kusawazisha masikio. Unabana pua, unapuliza taratibu, na lazima ufanye hivyo tangu mita ya kwanza, kabla maumivu hayajaanza. Sikio lisipofunguka unapanda, hakuna kulazimisha. Zuhura, waulize mtoto akishikwa na mafua pesa inarudi au inahama tarehe.

Zuhura: Inahama tarehe ndani ya mwaka mmoja. Wameandika. Yule wa bei nafuu alisema hairudi wala haihami.

Mwanakombo: Basi umeshachagua vizuri. Na oksijeni kwenye boti?

Zuhura: Ipo. Niliomba picha ya mtungi na geji yake, wakanitumia.

JUMAMOSI MCHANA

Mjomba Omari: Tarehe. Desemba mnayosema ni lini? Kusi mmeikwepa, hilo jema, maana kusi ikivuma bahari inachafuka na wengi hufunga kazi. Lakini vuli ikinyesha sana, mto Umba na mto Ramisi hutia tope upande wetu. Kisite iko nje kidogo, husafika upesi. Nawashauri wiki ya kwanza ya Desemba, na mtazame mwezi. Mwezi ukiwa nusu maji ni mafu, hayaendi mbio, na macho yanaona mbali. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu, maji yanakimbia na kubeba mchanga. Bei ile ile, lakini unaona nusu ya vitu.

Zuhura: Mjomba, hilo hakuna kampuni iliyonitajia.

Mjomba Omari: Hawawezi kukutajia, wanauza siku zote za mwezi.

Zuhura: Wiki ya kwanza inatufaa pia kwa bei. Kuanzia karibu na Krismasi vyumba vinapanda na treni inajaa.

Hamisi: Jambo la kurudi sasa, na tafadhali tulizingatie. Baada ya kuzamia siku kadhaa mfululizo, unasubiri saa 18 kabla ya kupanda ndege. Watu wanafikiri treni haihusiki. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na treni inapanda kutoka sifuri mpaka huko kwa muda wa saa chache. Naitrojeni, ile gesi ya hewa ya mtungi iliyobaki mwilini, hutoa mapovu ukipanda juu upesi, na haijui kama umepanda ndege au treni. Kwa hiyo mbizi ya mwisho iishe Ijumaa saa sita mchana, tulale, Jumamosi asubuhi saa kumi na mbili zile saa 18 zimetimia, tupande treni ya saa tisa alasiri.

Salim: Kwa hiyo siku ya mwisho tunalipa chumba bila kuzamia?

Hamisi: Ndiyo, na kwenye hesabu ya Zuhura imo. Safari ya siku tatu ingekula theluthi kwa kusubiri. Ndiyo maana siku sita ni nafuu kuliko tatu ukigawanya kwa mbizi.

Zuhura: Sawasawa. Siku hiyo Shangazi na Mwanakombo wanaweza kutupeleka kwenye ile njia ya mbao ya akina mama wa Wasini, juu ya mikoko na matumbawe ya kale.

Shangazi Rukia: Mimi hapo nipo. Majini siingii, lakini kwenye boti nitakaa na kuwapokea.

Salim: Na kisiwa cha Mafia, kule Tanzania? Rafiki yangu amesema papa potwe wapo huko.

Hamisi: Wapo, Oktoba hadi Februari, upande wa Kilindoni. Hao nao unaogelea nao kwa miwani na mapezi. Mtungi ni wa ghuba la Chole, ndani ya hifadhi ya mwaka 1995, pazuri sana. Ila kiingilio cha hifadhi kinahesabiwa kwa kila siku unayokaa kijiji cha Utende, uzame usizame, na kufika ni ndege kutoka Dar au boti kutoka Nyamisati. Viza hatuhitaji, lakini cheti cha homa ya manjano ubebe.

Zuhura: Makadirio niliyopewa ya Mafia ni kama 120,000 kwa mtu. Tukiendelea kuchanga ilivyo sasa, mwakani tunaimudu, na nyote mtakuwa na vyeti. Nashauri hivyo: Wasini mwaka huu, Mafia mwakani. Maldivi ibaki kwenye orodha mpaka Salim na Tunu wawe na mbizi za kutosha kufurahia ile mikondo, hapo itakuwa na thamani ya pesa yake.

Mwanakombo: Naunga mkono.

Mjomba Omari: Mimi sina pingamizi lolote.

Salim: Sawa dada. Nami nimeridhika, hasa kwa yale ya kina.

Zuhura: Amana ni asilimia 20. Nitatuma leo jioni kwa M-Pesa kutoka akaunti ya chama, na risiti nitaiweka hapa. Tiketi za treni nitakata pindi zikianza kuuzwa, nipeni namba za vitambulisho, si hapa kikundini, nitumieni peke yangu.

Hamisi: Salim na Tunu, kuna mtihani wa kuogelea mita 200 bila kupumzika na kuelea dakika kumi. Hakuna kukimbizana na saa, ni kumaliza tu. Jumapili saa nne asubuhi nawapitia twende bwawani. Tunu aje na miwani yake: aiweke usoni bila mkanda, avute hewa kwa pua. Ikishika yenyewe, inamtosha. Ikianguka tutamtafutia nyingine kabla ya safari.

Shangazi Rukia: Ameshajaribu hapa sebuleni. Imeshika.

Mwanakombo: Fomu za afya nimezichapisha, nitazileta hukohuko bwawani.