Daktari, angalau funga mlango kabla hujaniuliza kama nimewahi kujichafua!

Wakuu, nimetoka kliniki sasa hivi na nina hasira, nivumilieni.

Nina ugonjwa wa Crohn, huu mwaka wa saba. Kwa asiyeujua: kinga ya mwili inageuka kuushambulia utumbo, na vidonda vinaweza kutokea popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Hauponi. Unatulia, kisha unaibuka tena. Kabla haujajulikana nilitibiwa amiba mara sijui ngapi, nikaambiwa bawasiri, nikaambiwa ni mawazo tu. Kilo zinapukutika, damu inatoka, wao wananiambia nipunguze mawazo!

Leo nimemweleza daktari kwamba usiku naamka mara nne, mara tano, nakimbilia chooni. Akajibu macho yakiwa kwenye kompyuta: "Majibu ya damu hayana shida." Basi. Hakuuliza ni tangu lini, wala kama choo kina damu au kamasi. Kuharisha kunakokutoa usingizini si dalili ya kupitwa hivihivi, na majibu ya damu yanaweza kuwa mazuri huku utumbo umevimba. Ndiyo maana kuna kipimo cha choo cha kalprotektini. Nimekiomba mwenyewe, akashusha pumzi kama namchosha.

Na mlango uko wazi! Foleni nzima inasikia, "Umeshawahi kujichafua?" Mimi mtu mzima, nina watoto. Ndiyo, nimeshajichafua, ndani ya gari, na tangu siku hiyo sitoki bila nguo ya ndani ya akiba na mfuko wa plastiki kwenye begi. Hilo sijamwambia mtu hata nyumbani. Yeye ningemwambia. Nikajibu "hapana".

Prednisoloni nayo, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, ilinivimbisha uso na kuninyima usingizi. Nilipolalamika nikaulizwa, "Unataka kupona au unataka sura?" Nikaziacha kimyakimya. Najua ni hatari, zile hupunguzwa polepole, lakini ningerudi kumwambia nani?

Sisemi wote wako hivyo. Kuna nesi alinishika mkono siku ya kipimo cha kamera ya kuangalia utumbo, akawa ananiambia kila kitu kabla hakijafanyika. Hadi leo namwombea dua.

Wenye ugonjwa huu, mliobahatika kupata daktari anayesikiliza: mlianzaje kumweleza? Nina miadi nyingine mwezi ujao, na kwa yule sirudi.