Sindano ya santuri za 78 kwenye AT-LP120XUSB

Swali: Wakuu, natumia mashine ya santuri ya AT-LP120XUSB yenye katriji (kichwa kinachoshika sindano) ya AT-VM95E. LP (santuri za vinili) zinalia safi, lakini santuri za 78, zile za zamani zinazozunguka mara 78 kwa dakika, zinakwaruza mno. Ninunue katriji mpya?

Jibu: Hapana mkuu, nunua sindano tu, VMN95SP. Ncha ya LP ni nyembamba, takriban inchi 0.0007, inazama chini ya mfereji na kuokota uchafu. Ya 78 ni inchi 0.003, inakaa kwenye kuta. Shika katriji, vuta sindano ya zamani kuelekea chini na mbele, pachika mpya mpaka ilie "tik".

Jibu: Na uzito wa sindano juu ya santuri je? VM95E hutaka gramu 2, hiyo ya 78 gramu 5. Ukiacha 2 itarukaruka na kuchubua kuta. Pima kwa mizani ndogo ya kidijitali, usiamini namba za kwenye mkono wa mashine unaobeba katriji. Ukirudi kwenye LP, rudisha 2 kwanza, tafadhali sana!

Jibu: Zisafishe pia hizo santuri za 78. Spiriti marufuku, inayeyusha shelaki, yaani utomvu zilizotengenezewa. Maji na tone la sabuni ya vyombo yanatosha, lebo isilowe.

Muuliza swali: Shukrani wakuu. Naagiza sindano pamoja na mizani.